Tairi la mbele la tuktuk: lisome kabla ya kununua jingine

Tairi la mbele likiisha mapema, wengi huenda moja kwa moja dukani. Jipya linafungwa, kazi inaendelea, na baada ya muda si mrefu lile jipya nalo limelika vilevile, upande uleule. Lawama humwangukia mwenye duka: huyu kaniuzia feki. Feki zipo, sikatai. Lakini mbele ya tuktuk kuna tairi moja tu, halina mwenzake. Ndilo linalogeuza chombo, ndilo linaloingia shimoni kwanza, na kila kasoro ya handeli, beringi, shokabzoba na hata magurudumu ya nyuma huacha alama juu yake. Ukilitupa bila kulitazama, umetupa ushahidi.

Ninayoyaeleza hapa ni ya tuktuk za abiria zinazozunguka Mombasa, kina Bajaj RE, TVS King na Piaggio zenye rimu za inchi 8. Za mizigo nitazitaja pale tu inapobidi.

Anza na spea

Kabla ya kubishana na fundi kama ubovu uko kwenye tairi au kwenye chombo, tumia spea. Uzuri wa tuktuk hizi ni kwamba magurudumu yote matatu na la akiba ni saizi moja. Toa la mbele, weka la akiba lenye upepo sawa, kisha pita barabara ileile kwa mwendo uleule. Mtetemo au mvuto ukipotea, tatizo liko kwenye tairi au rimu uliyoitoa. Ukibaki, tairi jipya halitakusaidia kitu; tafuta kwenye beringi, shokabzoba, shina la handeli au huko nyuma. Ni jaribio la bure, na bado madereva wengi hulikumbuka mwisho. Labda kwa sababu spea yenyewe ni kipara, au imebaki nyumbani kwa mwenye chombo.

Onyo, na sitalirudia: rimu za tuktuk nyingi ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati. Kuna nati zinazoshika gurudumu zima kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuna nyingine zinazobana vile vipande. Ukizifungua hizi za pili tairi likiwa na upepo, rimu huachana kwa kishindo na kumrukia aliyeinama juu yake. Kama unabadilisha gurudumu zima, gusa nati za habu peke yake. Kama unatoa tairi kwenye rimu, ng'oa kwanza sindano ya ndani ya valvu, subiri upepo uishe kabisa, ndipo ushike spana. Kijana wa pancha akianza kulegeza nati upepo haujatoka, mwambie asimame, hata kama una abiria anayekuharakisha.

Limeisha katikati, pembeni bado lina meno

Upepo umezidi. Tairi limefura, likawa linagusa lami kwa mstari wa katikati tu. Kisa cha kawaida ni kijana wa kompresa kujaza magurudumu yote matatu sawasawa, kwa geji ambayo haijawahi kulinganishwa na nyingine, au bila geji kabisa, kwa kupiga teke na kusikiliza. Tuktuk haitaki hivyo. Injini na abiria wako nyuma, kwa hiyo la mbele huhitaji upepo mdogo kuliko ya nyuma. Kiasi chenyewe kimeandikwa kwenye kitabu cha chombo, na hutofautiana kati ya aina na aina. Namba iliyopigwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo tu cha uwezo wa tairi, na si kiasi cha kujaza.

Pima asubuhi kabla ya kutoka, tairi likiwa baridi. Kwa jua la Mombasa, tairi lililozunguka tangu alfajiri litasoma juu zaidi. Kila joto likipanda nyuzi 10 presha hupanda kama psi 1 hadi 2. Ukipunguza upepo saa nane mchana ili ufikie namba ya kitabu, kesho asubuhi utakuwa na tairi legevu. Ndiyo maana wapo wanaohangaika na upepo kila siku na hawapati nafuu.

Mabega yote mawili yameisha, katikati pazima

Kinyume chake: upepo mdogo. Hili ndilo baya zaidi kati ya mawili, kwa sababu ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, unapata joto, na nyuzi za ndani zinaachana kabla hujaona chochote kwa nje. Ukifungua tairi la namna hii, ukakuta ndani ya ubavu kuna mduara uliochubuka na unga mweusi wa mpira, usilirudishe barabarani hata kama meno bado yapo.

Tafuta upepo unakokwenda. Weka mate kwenye valvu. Povu likijitokeza, kaza sindano au ibadilishe. Ikiwa valvu ni nzima, tumbukiza tyubu majini. Ikiwa tyubu nayo haina kitu, basi pengine upepo ulijazwa sawa lakini mbele panabebeshwa kuliko inavyofaa: yule abiria wa nne anayejibanza ubavuni mwa dereva. Si uzito wake wote unaokwenda nyuma. Tuktuk ya abiria watatu imepigiwa hesabu ya watatu.

Upande mmoja umeisha, mwingine kama mpya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, maana sababu ni kadhaa na tairi huwa na hatia mara chache sana.

Inua mbele ya chombo kwa kigogo au stendi imara chini ya fremu, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Kulaza tuktuk ubavu, kama tunavyofanya kila siku, kunamwaga petroli na maji ya betri, na isitoshe huwezi kupima chochote chombo kikiwa kimelala. Shika tairi kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, uitikise kwenda na kurudi. Ukisikia "tak" au ukiona linacheza, beringi za habu zimelegea au zimekufa. Lizungushe kwa mkono: beringi nzima inanyamaza, iliyokwisha inanguruma. Ukipita mara kwa mara kwenye maji ya mvua yaliyotuama, au ukiosha chombo ufukweni kwa maji ya bahari (wapo, nimewaona Mtongwe), grisi ya beringi haitadumu.

Beringi zikiwa nzima, chunguza kama mkono unaoshika gurudumu umepinda. Kwenye tuktuk nyingi gurudumu la mbele linashikwa upande mmoja, kwa hiyo shimo moja kubwa au kona ya ukingo wa barabara inatosha kulipindisha kidogo, kiasi ambacho macho hayaoni lakini tairi linakiona kila kilomita. Teremsha chombo mahali tambarare, nyoosha handeli, kisha ning'iniza timazi ya fundi mwashi mbele ya tairi. Uzi ukiwa sambamba na ubavu wa tairi kutoka juu hadi chini, gurudumu limesimama wima. Ukiachana nao chini au juu, kuna kilichopinda. Usikubali "kunyooshewa" kwa nyundo na moto. Chuma kilichonyooshwa kwa moto hupoteza nguvu, na hicho ndicho kinachoshika gurudumu lako la pekee la mbele.

Halafu nyuma. Watu hushangaa nikiwaambia wapime nyuma kwa sababu ya tairi la mbele, lakini chombo chenye magurudumu matatu huenda kinakosukumwa. Gurudumu moja la nyuma likisogea kidogo, bushi zake (pete za viungo vyake) zikiwa zimelika, chombo kinataka kwenda mshazari, na dereva analazimika kukizuia kwa handeli siku nzima bila kujua. Tairi la mbele linakwenda likiburuzwa. Chukua futi ya fundi: pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma kushoto, kisha kulia, handeli ikiwa imenyooka. Namba mbili zilingane. Zikikataa, umempata mhalifu.

Sababu ya mwisho ni ndogo lakini ipo: barabara zetu huinama kuelekea ukingoni ili maji yatoke, na sisi huendesha kushoto. Tofauti ndogo ya ulaji kati ya bega na bega ni jambo la kawaida. Ikiwa upande mmoja umefika kwenye nyuzi na mwingine una nusu ya meno, huo si mwinamo wa barabara.

Ukipapasa unahisi mawimbi

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, polepole, kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Tairi zima ni laini njia zote mbili. Tairi lenye mawimbi linapanda na kushuka chini ya kiganja, na mara nyingine ncha za meno zinakwaruza ukirudi nyuma ilhali ukienda mbele hazikwaruzi. Hiyo inaonyesha gurudumu linarukaruka badala ya kukanyaga.

Mshukiwa wa kwanza ni shokabzoba. Kandamiza mbele ya chombo kwa uzito wako kisha uachie. Inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikiendelea kunesa, imekufa. Angalia pia kama kuna mafuta yaliyochirizika kwenye fimbo yake. Huku pwani fimbo hizi hushika kutu kwa hewa ya chumvi, kutu inakata sili, mafuta yanatoka, na dereva anazoea mneso hadi anauona wa kawaida. Njia za ndani za Kisauni na Likoni, zile za mawe ya matumbawe yaliyochomoza, zinamaliza shokabzoba upesi kuliko lami ya Nyali. Mwenye kushinda huko asishangae.

Doa moja limelika, kwingine kuzima

Kama ni mara moja, uliburuza gurudumu kwa breki. Mteremko wa kuingilia kivuko cha Likoni, pakiwa pamelowa na foleni ikasimama ghafla, unatosha.

Doa likirudi kwenye tairi jipya mahali palepale kwa kulinganisha na valvu, geukia ngoma ya breki. Ngoma ikipoteza uduara wake, breki inashika sehemu moja zaidi ya nyingine kila mzunguko, na sehemu hiyo ya tairi ndiyo inayosagika. Utaihisi pia kwenye pedali: inapiga mguu kwa mdundo. Tia alama ya chaki kwenye habu na kwenye rimu kabla ya kutoa gurudumu, ili uone doa limekaa wapi. Ngoma yenyewe fundi wa leidhi, mashine ya kuchonga chuma, anaweza kuikwangua ikiwa bado ina unene.

Handeli inatetema

Uliza inatetema lini.

Asubuhi tu, dakika chache za kwanza, kisha inatulia: tairi lilijibonyeza chini kwa kusimama usiku kucha. Nyuzi za nailoni hufanya hivyo, hasa upepo ukiwa mdogo. Likipata joto linarudi. Jaza upepo sawa na usihangaike.

Kwa mwendo fulani tu, chini yake na juu yake shwari: rimu au tairi havina uduara. Inua gurudumu, shika kipande cha chaki karibu na ukingo wa rimu bila kugusa, mtu mwingine azungushe. Rimu ikisogea kushoto na kulia kuelekea chaki, imepinda ubavuni. Ikipanda na kushuka, imebonyea kwa shimo. Halafu sogeza chaki kwenye tairi lenyewe. Rimu ikiwa imenyooka na tairi linapanda na kushuka, ama halijakaa vizuri kwenye rimu au limetoka kiwandani na kasoro.

Kila mwendo, na handeli ni kama ina kituo katikati inapogeuzwa: kona (vikombe vya beringi) na golori za shina la handeli zimechimba vishimo. Gurudumu likiwa juu, geuza handeli taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ikinasa katikati, umeshapata jibu, na hapo hakuna tairi duniani litakalokuponya.

Chombo kinavuta upande mmoja

Linganisha kwanza upepo wa matairi mawili ya nyuma, kisha ukubwa wake. Moja jipya na moja kipara yana kimo tofauti, na chombo kitaelekea upande wa lililokwisha. Yakiwa sawa, gusa ngoma za breki baada ya safari fupi uliyoifanya bila kufunga breki sana. Iliyo moto kuliko wenzake inakwaza. Ndipo urudi kwenye futi na zile habu.

Pancha haziishi

Unaziba leo, kesho tena. Kabla ya kutoa tyubu, tia alama kwenye tairi mahali valvu ilipo, na kumbuka upande upi ulikuwa nje. Baada ya kupata tundu, laza tyubu juu ya tairi kama ilivyokuwa ndani. Tundu litakuonyesha mahali pa kutazama.

Tundu likiwa upande wa nje wa tyubu, unaogusa tairi, kuna kitu bado kimekwama mpirani. Njia ya Changamwe, Jomvu hadi Miritini hupita matrela usiku na mchana, na matairi yao yakipasuka humwaga vijiwaya vyembamba barabarani. Kijiwaya hicho hukioni kwa macho. Wala usikitafute kwa kidole, kitakuchoma. Pitisha soksi kuukuu au pamba ndani ya tairi zima. Itanasa mahali penyewe.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, lawama ni ya rimu. Chumvi ya pwani hula chuma kutoka ndani, hasa kwenye kiungo cha vile vipande viwili ambako maji hukaa. Magamba ya kutu yanasugua tyubu mpaka inatoboka. Kwangua kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke vizuri. Rimu iliyolika ukingoni au yenye tundu za bolti zilizopanuka, iache.

Mikato miwili midogo iliyo karibu, sambamba: tyubu ilibanwa kati ya rimu na tairi ulipogonga shimo na upepo mdogo. Mkato mrefu mmoja kwenye mstari wa kati wa rimu: fundi aliibana tyubu kati ya vipande viwili alipokuwa anafunga. Hii ni ya mara kwa mara kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo inayofanya mtu atoke kuziba pancha na kurudi kabla ya magharibi. Shina la valvu likiwa limechanika: tairi linazunguka juu ya rimu kila unapofunga breki na kuvuta tyubu, kwa sababu upepo ni mdogo. Kiraka hakishiki hapo. Nunua tyubu mpya.

Tyubu yenye viraka juu ya viraka usiiingize kwenye tairi jipya la mbele. Iweke kwenye spea.

Nyufa na uvimbe

Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kinachoshikilia upepo ni mpira mtupu. Halina matibabu, wala kulisogeza nyuma si matibabu. Toa leo.

Nyufa nyembamba kama nywele ni uzee na jua. Ukichomeka ukucha ukaingia, au ukaona nyuzi, limekwisha hata kama halijatembea. Matairi yaliyoning'inizwa nje ya duka mwaka mzima, juani, huzeeka bila kugusa lami.

Sasa unanunua

Saizi ya tuktuk nyingi za abiria ni 4.00-8. Ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Za mizigo, na tuktuk kubwa za aina ya Maxima, hutumia 4.50-10, na hizo mbili haziingiliani. Usikubali 3.50-8 mbele eti "inaingia tu". Kuingia itaingia, lakini ni nyembamba, fupi kidogo, chombo kinainama mbele, na spea yako haitalingana tena.

Saizi peke yake haitoshi, na hapa ndipo mtego ulipo. 4.00-8 ni saizi ya wilibaro pia. Lile tairi la kusukumia zege linaingia kwenye rimu ya tuktuk bila shida, linafanana, na bei yake inavutia.

"Mzee, hili ni 4.00-8, saizi yako kabisa."

"Nimeona, mwanangu. Sasa nionyeshe palipoandikwa uzito na mwendo."

Muuzaji analigeuza, analigeuza tena. Hapana. Basi si la barabarani. Tairi la tuktuk lina namba ya uzito na herufi ya mwendo ubavuni. Namba 66 ni kilo 300, 71 ni kilo 345. Herufi J ni kilomita 100 kwa saa, E ni 70. Soma zilizo kwenye tairi ambalo chombo kilitoka nalo kiwandani, au kwenye kitabu, na ununue zinazolingana au kuzidi. Kuna pia 4PR, 6PR na kuendelea, ambayo hupima ugumu wa mwili wa tairi. Haimaanishi lazima kuna tabaka sita za nyuzi. Kubwa zaidi si lazima liwe bora mbele: tairi gumu kupita kiasi, na mbele kukiwa kwepesi, linadundadunda na halishiki lami. Fuata kitabu.

Herufi TT ni tairi la tyubu, TL ni lisilo na tyubu. Rimu ya vipande viwili haizuii upepo bila tyubu, kwa hiyo tyubu lazima, na iwe ya saizi hiyohiyo.

Tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Usione haya kumwomba muuzaji ashushe lililo chini ya rundo.

Meno: kwa mbele mimi hupendelea lenye mistari inayozunguka tairi zima. Mistari ndiyo inayoshika mwelekeo unapogeuza na inatoa maji vizuri mvua za masika zikianza. Lenye meno makubwa ya kukatiza ni la kusukuma, linafaa nyuma, na mbele litakupa kelele na mawimbi mapema. Anayeishi kwenye matope atatofautiana nami, na atakuwa na haki yake.

La kuvalishwa mpira mpya, mbele, hapana. La kuchongwa ndilo hapana kabisa. Utalitambua: mifereji yake ina kingo kali kama iliyokatwa juzi, na vile vinundu vidogo vya kupimia ulaji vilivyo ndani ya mifereji, vyenye alama TWI ubavuni, vimekatwa au havipo. Chungulia chini ya mfereji. Ukiona nyuzi, rudisha.

Kufunga

Pulizia tyubu upepo kidogo, iwe na umbo tu, kabla ya kuiingiza, na nyunyiza poda ili isijikunje. Unganisha vipande vya rimu ukiwa unatazama mzunguko mzima kwamba tyubu haijachungulia katikati. Kaza nati kwa kukingamisha, hii kisha ya upande wa pili, kidogokidogo. Kama tairi lina mshale, uelekee mbele. Jaza, kisha tazama ule mstari mwembamba wa mpira ulio karibu na rimu: uwe umbali uleule kuzunguka kote, pande zote mbili. Ukizama mahali, toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena. Tairi lililozama namna hiyo ndilo litakalotetema kesho, na utasema ni feki.

Jipya limefungwa na sasa kuna mambo

Handeli imekuwa nzito: upepo mdogo, au kona zilikazwa kupita kiasi wakati fundi "akisaidia".

Linagusa madigadi au mkono wa shokabzoba: saizi siyo, au springi imelegea na chombo kimeshuka. Pima kwa abiria ndani. Bila abiria halitagusa.

Linateleza: uso wa tairi jipya una utando laini wa kiwandani. Kwa kilomita mia ya kwanza punguza mwendo kwenye kona, hasa juu ya kabro za Mji wa Kale zikilowa. Likiendelea kuteleza baada ya hapo, soma tena zile tarakimu nne. Huenda ulinunua mpira mkavu.

Linapoteza upepo usiku wa kwanza: tyubu imebanwa. Rudi kwa aliyefunga, usiongeze upepo na kuondoka.

Na nati za habu zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, maana rangi mpya ya rimu hubonyea chini yake na nati hulegea. Spana iwe chini ya kiti.